Kundi la Dubai

Kiajemi nilijifunza mwenyewe, kwenye chumba changu cha kupanga Daraja Mbili, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Hakuna aliyenituma. Waongozaji wenzangu wa watalii walikuwa wameshagawana lugha: huyu Kirusi, yule Kichina, yule Kipolandi. Mimi nilichelewa kuingia kwenye kazi hii, tena ni mwanamke, nikatafuta lugha ambayo Arusha nzima hakuna wa kunisahihisha. Nasema ukweli kwa sababu sina namna nyingine ya kusimulia: naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa nyati. Zipu ya begi nikishaifunga naifungua tena ili nione kama kweli nilikuwa nimeifunga.

Jumapili moja mama yangu alishuka kutoka Akheri baada ya ibada, akanikuta nafua huku narudia zile sauti zao za kooni. Akasimama mlangoni na mkungu wake wa ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umebadili dini?"

"Hapana mama, nasoma lugha. Ya wageni."

"Lugha gani hiyo inakukwaruza koo? Watu wanaongea au wanakohoa?"

Nikamweleza. Akakaa, akanywa chai, tukaongea ya nyumbani. Alipoondoka akanishika mkono nje ya geti na kuniuliza tena, taratibu, kama bado nasali.

Miaka miwili hakuna mgeni aliyekuja kunisikia. Halafu, wakati wa vuli, bosi wetu akanipigia simu. Bosi ni mama wa Kichaga aliyeanza kwa kuuza vifaa vya kupandia mlima, sasa ana ofisi yenye vyumba viwili na ubao mweupe ukutani. Kwenye ubao kila kundi huandikwa kwa jina la mahali alipo wakala aliyelituma. Wajerumani waliotumwa na wakala wa Zanzibar wanaitwa Zanzibar. Wahindi wa Nairobi wanaitwa Nairobi. Ndivyo kazi inavyokwenda, kwa sababu wakala ndiye mtu unayezungumza naye, na hata dereva ukimuuliza ni wageni wa wapi atakutajia wakala. Siku ile ubaoni paliandikwa DUBAI.

"Ni wako hawa," bosi akasema. "Wanapanda Meru. Wa Dubai lakini ni Wairani. Si ndiyo lugha yako ile ya kukohoa?"

Mama yangu alikuwa ameshampelekea habari.

Walikuwa wanawake sita. Wa kunikaa moyoni walikuwa wawili: mwalimu mstaafu wa jiografia, mwembamba, nywele nyeupe chini ya kofia ya sufu, na binti yake, daktari wa meno. Nilimwita yule mkubwa mama mwalimu tangu getini Momela na akakubali. Alikuwa amepanda milima ya kwao kila wiki tangu ujana. Nilipowakaribisha kwa hotuba niliyoikariri wiki nzima, walinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, halafu wote sita wakaangua kicheko.

"Samahani," binti akasema akifuta macho. "Hujakosea hata neno. Ila unaongea kama mtangazaji wa habari wa wakati wa babu yangu."

Nikacheka nao, lakini ndani nilikuwa nimeshaanza kuorodhesha ni neno gani lilikuwa la kizee.

Mama mwalimu alitaka kujua kila salamu. Nikamfundisha "pole na kazi", kwa sababu kwao kuna maneno yanayokaribia sana hayo, mtu huyasema kila anapompita mwenye kazi. Tangu hapo hakupita mpagazi bila kuyasema. Wapagazi, ambao mlimani tunawaita wagumu, walianza kumsubiri njiani makusudi wapewe pole.

Jioni ya kwanza, kwenye kibanda cha Miriakamba, binti alikuwa anasoma habari kwenye simu wakati tunakula. Akainua macho.

"Wameongeza tena," akamwambia mama yake.

"Wameongeza?" mama mwalimu akasema, akiendelea kumenya chungwa. "Hongera zao."

Nikauliza nini kimeongezwa. Binti akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto, na nilishukuru. Rais wa Marekani anaweza kutangaza hali ya dharura ya kitaifa juu ya nchi nyingine, kwamba nchi hiyo ni tishio kwao. Tangazo likishakuwepo, anaweza kuweka vikwazo: fedha zizuiwe, kampuni zikatazwe kufanya biashara nayo. Lakini dharura hiyo huisha yenyewe mwaka ukitimia, isipokuwa rais aandike kwamba inaendelea. Basi huandika. Marais wamebadilika, wengine hawapatani hata kidogo, lakini kwenye dharura ya Iran kila mmoja ameandika.

"Ilipotangazwa nilikuwa msichana wa chuo cha ualimu," mama mwalimu akasema. "Nikaolewa, ipo. Nikamzaa huyu, ipo. Huyu akaota meno, akasomea meno, ipo. Sasa nina pensheni, ipo." Akanipa kipande cha chungwa. "Na kwenu, dharura hukaa muda gani?"

"Kwetu? Mpaka gari lifike."

Walicheka sana. Nilijisikia nimefaulu mtihani. Nakiri kwamba ndani ya mfuko wa kulalia nilikuwa nafurahia jibu langu, wala sikufikiria hata mara moja walichokuwa wamenieleza.

Siku ya pili tulifika Saddle, kibanda cha juu, mchana mapema. Baada ya chakula huwa tunawapeleka wageni Meru Ndogo, kilima cha pembeni, ili miili izoee hewa nyepesi. Mama mwalimu alikuwa akikohoa tangu asubuhi, kikohozi kidogo kikavu, akasema ni vumbi. Kidoleni kipimo changu cha oksijeni kilisoma namba isiyopendeza ila isiyotisha. Nikapima mara tatu. Kiongozi wetu mkuu, mzee wa Kimeru aliyeanza kupanda mlima huu kabla sijazaliwa, akaangalia namba, akamwangalia mama mwalimu, akasema twende hatua za kinyonga na tukiona neno tunarudi.

Tuliliona tukiwa tunashuka. Mama mwalimu alikaa kwenye jiwe kufunga kamba ya kiatu, akashindwa kuinuka. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu. Alipokohoa, leso ilitoka na povu jekundu jepesi. Niliweka sikio mgongoni pake kama nilivyofundishwa, nikasikia ndani yake sauti kama ya mtu anayekunjakunja mfuko wa nailoni.

Kiongozi mkuu hakupandisha sauti. "Maji yako kwenye mapafu. Anashuka sasa hivi. Kibandani kuna mtungi wa oksijeni, mmoja. Mwanangu, wewe piga simu helikopta. Anga lenyewe hilo."

Anga lilikuwa safi kabisa. Nalikumbuka kwa hasira. Siku nyingi saa zile Saddle haionekani kwa mawingu, lakini siku ile ungeweza kuona mpaka Kilimanjaro, na uwanda wa chini ya kibanda ulikuwa mtupu, mahali pa kutua helikopta mbili.

Tukamshusha hadi kibandani. Mtandao pale hukamata nyuma ya vyoo tu. Nikasimama hapo na namba ya kundi na namba ya bima ya uokoaji nilizokuwa nimeziandika kwenye karatasi, kwenye simu, na kwenye mkono. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye sauti tulivu, kutoka kampuni ya uokoaji ambayo sitaitaja.

"Pole sana dada. Nimewaona hapa, kundi la Dubai, watu sita. Rubani yupo. Nipe dalili."

Nikampa zote kwa mpangilio. Akanisifu. Naona aibu kusema kwamba hata pale nilifurahi kusifiwa.

"Safi. Sasa nisomee pasipoti ya mgonjwa, nifungue safari."

Nikamsomea. Nikasikia vidole vyake vikigonga. Halafu vikasimama.

"Dada, hii ni ya Dubai?"

"Kundi ni la Dubai. Yeye ni wa Iran."

"Usikate simu dada. Tafadhali usikate." Akarudi baada ya muda. "Mfumo umegoma. Nikiingiza hiyo nchi ukurasa unageuka mwekundu, unaniambia nisubiri watu wa sheria."

"Wako wapi?"

"Nje. Kampuni inayotubebea bima iko nje. Kwao ndiyo kwanza kunapambazuka. Ni mambo ya vikwazo."

"Mwandikie tu Dubai."

"Ningeiandika dada, wallahi. Pasipoti nimeshaingiza."

"Kaka, huyu ni mwalimu wa jiografia."

"Naelewa."

"Anakohoa damu."

"Naelewa dada. Nimepeleka. Wakijibu tu, ndani ya nusu saa tuko juu yenu."

Nilisimama na simu mkononi. Kitu kilichonijia nitakieleza kama kilivyo, hata kama kinanidhalilisha. Nilitafuta kosa langu. Nilisoma upya namba ya pasipoti, tarakimu kwa tarakimu, nikiomba Mungu niwe nimekosea. Nikajiuliza kama nimetamka vibaya, kama ningeanza na dalili nyingine, kama ningesema "mama" badala ya "mgonjwa". Maisha yangu yote nimeamini kwamba jambo likiharibika kuna mahali nimeteleza, na nikipapata nitapasahihisha. Pale nyuma ya vyoo sikupata. Kila mtu alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, na helikopta haiji. Nikachuchumaa.

Nikampigia bosi. Yeye alikuwa akijua kupiga kelele kwa watu wa benki, wa forodha, wa halmashauri. Nilimsubiri apige kelele.

"Umewaambia nitalipa mimi? Taslimu? Wasitumie hiyo bima?"

"Shida si hela. Ni yeye mwenyewe."

"Ni yeye mwenyewe vipi?"

"Nchi yake, mama."

Bosi hakupiga kelele. "Bibi wa watu?" akasema. "Bibi wa watu na kofia yake?"

Niliporudi, mama mwalimu alikuwa amelazwa upande, oksijeni puani, binti yake ameshika mtungi na kuangalia mshale wa kipimo. Ilinibidi nimwambie. Nilikuwa na maneno yote ya Kiajemi ya jambo lile, kizuizi, idhini, uraia, nilikuwa nimeyajifunza kwenye taarifa za habari. Niliyatumia, na safari hii hakucheka mtu.

Binti hakulia wala hakukasirika, na hilo lilinishtua kuliko yote. Alitikisa kichwa tu, kama mtu unayemwambia kwamba mvua imenyesha.

"Nilifikiri huku kwenu dharura yao isingetufikia," akasema.

Kiongozi mkuu alituuliza tunaongea nini. Nikamweleza kwa Kiswahili. Akasikiliza, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo haiji?"

"Wanasubiri kuruhusiwa."

"Haiji." Akageuka kwa wagumu. "Machela!"

Nilikulia Akheri, kwenye mteremko ambao barabara ilifika nikiwa darasa la tano, kwa hiyo machela naijua. Mgonjwa alitolewa juu kwa mabega. Mtu akiikuta njiani hupokea mti kwanza, hata kama ana mzigo wake anauweka kando, na kuuliza mgonjwa ni wa nani huja baadaye, akishapokewa na mwingine. Nilidhani desturi hiyo ilikwisha barabara ilipofika. Siku ile tuliwaacha wageni wanne kibandani na mpishi, tukatoka Saddle na wagumu wetu wanane. Ngazi za pale ni za magogo, ndefu, zinateleza, na machela haigeuki vizuri kwenye kona. Hatujafika mbali tukakutana na kundi la kampuni nyingine linapanda, watu tunaogombea nao wateja kila siku. Wagumu wao waliona, wakashusha mizigo pembeni ya njia bila kusema, wageni wao wakabaki wameduwaa na viongozi wawili. Vijana sita wakaingia chini ya miti.

"Pole na kazi," sauti ikatoka kwenye blanketi.

Yule kijana wa mbele nusura aangushe. "Aisee! Mgonjwa ndiye anatupa pole?"

"Itikia, mshamba wewe!" mwenzake akamfokea.

"Asante bibi! Tumeshapoa!"

Kila zamu ilipobadilika alisema. Sauti ilizidi kuwa ndogo, nikawa natembea ubavuni, sikio karibu na mdomo wake, nikihesabu pumzi badala ya maneno. Mshale wa mtungi ulikuwa umelala robo. Niliogopa kumwangalia binti. Askari wa hifadhi aliyepanda nasi alitangulia na bunduki yake akipiga makofi kufukuza nyati, na kwenye redio alikuwa akiwaambia wa getini walete gari hadi Miriakamba, sasa hivi, si baadaye. Wa getini waliuliza ni wageni wa nani.

"Leta gari!" akasema. "Utaniuliza tukishapakia."

Kijana mmoja wa kampuni ile nyingine, tulipokuwa tumeacha misitu ya juu na hewa imeanza kuwa nzito ya majani mabichi, akanigeukia huku jasho likimdondoka puani.

"Sista, hivi huyu bibi ni wa wapi?"

Sikujua kama nikitaja nchi yake na yeye atasimama. Nilimfikiria hivyo, mtu aliyekuwa amebeba mti begani.

"Iran," nikasema.

"Mh. Mbali." Akahamisha mti kwenye bega la pili.

Mtungi uliisha tukiwa tunaona paa la Miriakamba. Gari lilikuwa limeshageuzwa, milango ya nyuma wazi, na kwenye gari palikuwa na mtungi mwingine. Tulikuwa tumeshuka vya kutosha. Midomo yake ilikuwa imeanza kurudi kwenye rangi ya midomo. Kiongozi mkuu aliweka kiganja kwenye paji la uso wake, akasema neno la Kimeru ambalo kwetu huambiwa mtoto anayezaliwa akachelewa kulia. Halafu akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi.

Baadaye nilisoma. Ni tabia yangu, jambo likinishinda nalisoma. Nilikaa na lile tangazo la kuongeza dharura na kamusi mbili. Ni fupi, mtu angelisoma akisubiri maji ya chai yachemke. Halimtaji mtu mgonjwa popote. Nikasoma na sheria zinazolizunguka, na hapo ndipo nilipoduwaa kabisa: dawa na matibabu vimeachiwa nafasi. Hakuna aliyekataza helikopta kumchukua mwanamke mwenye maji kwenye mapafu. Ila kampuni zinaogopa faini, na aliyeko chini yao anaogopa zaidi, na aliyeko chini kabisa anapewa ukurasa mwekundu. Niliitafuta sentensi inayosema asichukuliwe. Nilirudia kusoma, kwa sababu nilitaka iwepo. Ingekuwepo ningeweza kuichukia.

Asubuhi baada ya siku ile ya machela, hospitalini, njia ya kwenda Moshi, mama mwalimu alikuwa amekaa akiegemea mto. Daktari alisema kushuka ndiko kulikomwokoa na kwamba tungechelewa kidogo tusingekuwa tunazungumza naye. Bosi wetu alikuwa amekuja alfajiri na uji wa ulezi kwenye chupa, anamlisha mwenyewe kwa kijiko, wanazungumza, huyu Kiswahili, yule Kiajemi, wala hawanihitaji.

Simu yangu ikaita. Ilikuwa ile sauti tulivu, sasa imekauka.

"Habari za asubuhi dada. Nina habari njema. Wamekubali! Nimesumbuana nao usiku kucha, sijalala. Helikopta iko tayari. Mgonjwa bado yuko Saddle?"

Alikuwa amefurahi kweli, nilimsikia.

"Dada, upo?"

"Nipo. Jana alikataa nani?"

"Hakuna aliyekataa dada. Ombi lilikuwa linasubiri tu."

Mama mwalimu akaniuliza kwa macho ni nani. Nikamwambia, kwa Kiajemi changu cha mtangazaji, kwamba ni helikopta, imepata idhini, inauliza imfuate wapi. Aliniangalia. Akaangalia kijiko kilichokuwa kimesimama hewani mkononi mwa bosi. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na nesi akaja mbio akitufokea sote. Binti yake hakucheka. Alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanamtetemeka, na mara hii alikuwa analia.

"Dada," simu ikasema, "rubani anasubiri. Nimwambie nini?"

Nilitafuta sentensi iliyo sahihi. Nikaiweka simu juu ya shuka, karibu na kifua cha mama mwalimu, yule kijana amsikie mwenyewe anavyopumua.